Kabla hujabandika tangazo: namna ya kuandika ujumbe ukaeleweka

Nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu, mkoani Tanga, siku ilipoletwa barua ya mkandarasi ikisema bomba kuu litafungwa "10:00". Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nikachukua kalamu nikaandika "saa 10", nikalibandika tangazo kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji, na kijana wa pikipiki akazunguka na kipaza sauti. Watu wakaelewa saa kumi jioni, kama anavyoelewa mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili. Maji yakakatwa saa nne asubuhi. Jirani yangu anayeuza chakula alikuwa ameshainjika sufuria la maharage, ndoo zake za akiba hazina kitu. Sikulisahau lile sufuria.

Tangu hapo kila ninachokiandika, liwe tangazo, barua au ujumbe wa kikundi kwenye simu, nakipitisha kwenye hatua zifuatazo. Kidato cha tano tulifundishwa sarufi kwa mafungu manne: matamshi, maumbo, miundo na maana. Wengi wetu tuliyakariri kwa ajili ya mtihani tukayaacha hukohuko. Lakini mafungu hayo ndiyo mahali hasa ujumbe unapoharibikia, na ukilijua kila fungu linafanya kazi gani, unajua pa kushika unaporekebisha.

Tutengeneze tangazo moja pamoja. Nimelitunga kwa makosa ambayo nimeyaandika mimi mwenyewe au nimeyasoma ukutani:

"TANGAZO. Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na zoezi la ukarabati wa miundombinu ya maji ambapo huduma itasitishwa kesho saa 10 mpaka hapo itakapotangazwa tena hivyo mnashauriwa kuchukua tahadhari na watoto wa wazazi ambao hawajalipa michango ya maji ya shule hawataruhusiwa kuchota na wenye madeni walipiwe ndani ya siku saba vinginevyo hatua kali zitachukuliwa."

Hatua ya 1: Jiulize nani afanye nini

Kabla ya kugusa neno lolote, sema kwa mdomo, kama unamwambia mtu aliyesimama mlangoni: unataka nani afanye nini, lini? Kwa tangazo letu jibu ni fupi. Nataka kila nyumba ichote maji kabla Jumatano haijafika. Basi.

Sasa litazame tena tangazo. Neno "kuchota" limo, ila limetumika kuwakataza watoto. Hakuna mahali panapomwambia mtu achote maji mapema. Na ndani yake mmebanwa mambo matatu: maji kukatika, michango ya shule, na madeni. Mtu akisikia madeni, la maji kukatika linamtoka kichwani, maana hela ndiyo inayouma. Michango na madeni yaondoe, yaandikie matangazo yake siku nyingine.

Hata hivyo nitayashika kidogo hapa chini, kwa sababu yana mafunzo mawili makubwa.

Hatua ya 2: Lisome kwa sauti

Matangazo mengi ya vijijini na mitaani husikika kabla ya kusomwa. Yanapita kwenye kipaza sauti, kwenye mdomo wa mjumbe wa nyumba kumi, kwenye simu ya shangazi aliyeko shamba. Kwa hiyo lisome kwa sauti, usikilize sauti zenyewe.

Kiswahili kina jozi nyingi za maneno yanayotenganishwa na sauti moja tu. Mahali na mahari. Kalamu na karamu. Thamani na samani. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi l na r atasema "njooni na karamu" na hana kosa lolote la akili; ulimi wake umelelewa hivyo. Simcheki, na sipendi kuona mtu akichekwa. Ninachofanya nikijua tangazo litasomwa na mtu wa namna hiyo ni kubadilisha neno au kulipa mwenzake: "njooni na kalamu na daftari". Daftari linaondoa shaka.

Mkazo nao. Kwa kawaida Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana lugha yetu ina mwendo ule tunaoujua. Lakini neno "barabara" ukilikazia penye kawaida ni njia ya magari, na ukirudisha mkazo nyuma silabi moja ni "sawasawa". Kwenye karatasi yanafanana kabisa. "Fungeni bomba barabara" kwa msomaji wa haraka ni bomba na njia. Andika "fungeni bomba vizuri" uendelee na kazi.

Kisha kituo cha kupumua. "Mama Asha amefika" na "Mama, Asha amefika" ni habari mbili tofauti: ya kwanza amefika mama, ya pili amefika mtoto. Koma kwenye karatasi ni pumzi kwenye kipaza sauti. Msomaji wa tangazo akikosa koma atapumua anapojisikia. Tangazo letu lina maneno hamsini na ushee bila koma hata moja wala nukta ya katikati. Jaribu kulisoma kwa pumzi moja uone linakokuacha.

Hatua ya 3: Kifungue kitenzi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, na ninakuomba nawe ukae. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mzigo ambao lugha nyingine huutawanya kwenye maneno sita au saba. Chukua "hatukuwalipia". Ha- inakanusha. -tu- ni sisi. -ku- inasema jambo lilipita. -wa- ni wao. -lip- ndio mzizi. -i- inasema kwa ajili yao. -a inafunga. Neno moja, na ndani mna mtenda, mtendewa, wakati na kukana. Ukikosea silabi moja hujakosea herufi, umebadilisha mtu.

Ndilo lililotokea kwenye tangazo letu. Mwandishi alitaka "wenye madeni walipe". Akaandika "walipiwe". Kwa Kiswahili hiyo ni habari njema mno kwa mdaiwa: atokee mtu amlipie. Ziweke pamoja uone:

Kulipa deni: unatoa hela unayodaiwa.
Kulipia maji: unatoa hela kwa ajili ya maji.
Kulipwa: hela inakuja kwako.
Kulipiwa: mwingine anatoa hela kwa niaba yako.
Kulipisha: unamtoza mtu.
Kulipiza: hapo tumeshaingia kwenye kisasi.

Kipande hiki cha -i- au -e- cha kutendea kina hila nyingine. Wanafunzi wanaujua mfano wa "Juma alimpigia Ali mpira". Je, alimpelekea mpira? Alipiga kwa niaba yake? Au alimpiga mtu mwingine kwa sababu ya huo mpira wa Ali? Darasani ni zoezi la utata. Kwenye taarifa ya polisi au ya hospitali ni hatari. Ukiona kitenzi cha kutendea kwenye ujumbe wa maana, uliza: ni kwa, kwa ajili ya, au kwa niaba ya? Kisha andika hilo neno waziwazi.

Jambo la pili ndani ya kitenzi ni kauli, yaani namna kitenzi kinavyomtaja mtenda au kumficha. Linganisha: maji yamekatika, maji yamekatwa, tumekata maji. La kwanza halina mtu. Kama vile maji yenyewe yameamua. La pili yupo mtu lakini amefichwa. La tatu mtu amesimama mbele yako. Kiswahili kinatupa njia zote tatu na zote ni halali. Sufuria likidondoka mkononi mwa mtoto ni heri kusema "limedondoka" kuliko kumsimanga. Lakini ofisi inapoandika "imeamuliwa", "mnashauriwa", "hatua zitachukuliwa", wananchi wanabaki na swali moja: na nani? Wasipopata jibu watamtafuta wa kumlaumu, na mara nyingi atakuwa yule kijana wa kipaza sauti. Mimi nashikilia kwamba tangazo la umma limtaje mtenda. Kamati imeamua. Fundi atafunga bomba. Anayeona aibu kuandika "tumeamua" arudi kwenye kikao aulize kama uamuzi wenyewe ni wa haki.

Hatua ya 4: Kata sentensi, angalia kinachokubaliana na nini

Kukata ni rahisi: kila penye "hivyo", "ambapo" na "na" ya kuunganishia jambo jipya, weka nukta.

La upatanisho linahitaji jicho. Ngeli zetu, ambazo mgeni anayejifunza Kiswahili huzilalamikia, zinatufanyia kazi ya kunyoosha kidole. "Wanachama wa vikundi ambao hawajasajiliwa" na "wanachama wa vikundi ambavyo havijasajiliwa" ni sentensi mbili zisizogombana. Ya kwanza inawasema watu, ya pili inavisema vikundi. Neno moja limebadilika na lawama imehamia kwingine. Ndiyo maana kukosea upatanisho si suala la kupoteza alama za mtihani tu. Unaelekeza kidole pasipo.

Sasa rudi kwenye tangazo letu: "watoto wa wazazi ambao hawajalipa". Nani hajalipa? Watoto na wazazi wote wako ngeli moja, kwa hiyo kidole kinaelekea kote kuwili. Ngeli haiwezi kukusaidia hapo, panga upya: "Wazazi ambao hawajalipa mchango waonane na mwalimu mkuu." (Na kumnyima mtoto maji kwa deni la mzazi ni jambo ambalo mimi nisingeliandika hata kwa sarufi iliyonyooka. Ndiyo faida nyingine ya kupanga sentensi upya: unaliona wazi ulilokuwa unataka kulisema.)

Hatua ya 5: Pima neno kwa masikio ya msikilizaji

Anza na saa, maana ndiyo iliyoniumiza. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kunakucha na tangu kunakuchwa. Saa moja asubuhi ndiyo 7:00 ya kwenye simu. Tofauti ni sita siku zote: 10:00 toa sita ni saa nne. Lakini usimwachie msomaji hesabu. Andika "saa 4 asubuhi", na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikosekane kamwe.

Siku nayo. "Kesho" kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ni kesho ya nani? Aliyeisoma Jumatatu na aliyeisoma Jumanne wana kesho mbili. Keshokutwa, mtondo na mtondogoo ni maneno mazuri ya kuzungumza, nayapenda, lakini ukutani andika jina la siku na tarehe, kisha fungua kalenda uhakikishe vinalingana. Huku pwani kuna mtego wa zaidi: kwa wazee wengi siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kijana aliyezaliwa na simu mkononi atakuja siku inayofuata. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na wote watafika pamoja.

Hesabu za fedha: "elfu mia na hamsini" ni 150,000 au 100,050? Neno laki lipo, litumie: "laki moja na elfu hamsini". Kwenye karatasi weka tarakimu na maneno.

Dawa pia, kwa kuwa wengi wetu huwaandikia wazazi wetu maelekezo nyumbani. "Kidonge kimoja kutwa mara tatu." Kutwa ni tangu kucha mpaka kuchwa, usiku haumo. Mama akielewa hivyo atameza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku mzima hana dawa mwilini. Kama mfamasia amesema kila baada ya saa nane, mwandikie saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Watoto wangu wananiona mkaidi kwa hili. Na niwe.

Halafu maneno ya ofisini. Miundombinu, zoezi, huduma kusitishwa, kuchukua tahadhari. Si maneno mabaya, yana mahali pake kwenye ripoti. Lakini bibi aliyekaa kibarazani anasubiri neno "bomba" na neno "maji". "Chukueni tahadhari" haimwambii achukue nini. "Choteni maji" inamwambia.

Mwisho wa hatua hii, kumbuka Kiswahili ni kikubwa kuliko mji wako. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, uamuzi uliofikiwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaundwa mwaka 1930. Lahaja nyingine hazikufa siku hiyo. Mtu wa Mombasa aliyelelewa kwa Kimvita akisema "ndoo" huenda anakuita uje. Kwako wewe wa bara ndoo ni ya maji. Zanzibar mtoto huenda skuli, bara huenda shule. Wadi ya Kenya ndiyo kata ya Tanzania, na Zanzibar utaambiwa nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako. Viatu vya bafuni peke yake vina majina ya kutosha: ndara, malapa, kandambili. Ukiwaandikia watu wa kwenu, tumia lao. Ukiwaandikia wa kila mahali, tumia neno la sanifu na uliweke ndani ya sentensi inayolieleza.

Hatua ya 6: Kumbuka unaongea na nani

Sarufi ikiwa safi na adabu ikakosekana, watu watakuelewa vizuri na hawatafanya unachotaka. Tangazo letu halina salamu wala tafadhali, na linaishia kwa "hatua kali". Mzee wa miaka 70 aliyelipa maji yake kila mwezi analisikia hilo akiwa amekaa na wajukuu. Ametishwa bila kosa.

"Ndugu wanakijiji" inatosha kufungulia. Kwenye kipaza sauti, kijana asalimie wakubwa kwanza, watamsikiliza. Tofauti za mahali zipo hapa pia: dukani Dar es Salaam ukisema "nipe soda" utaonekana umekuja na ugomvi, husemwa "naomba soda", ilhali Nairobi "nipe" inapita bila mtu kugeuka. Taarifa ya msiba usiandike "amekufa", andika "amefariki dunia" au "ametutoka". Na kama lazima useme adhabu, itaje ilivyo: "tutafunga mita baada ya siku saba". Hiyo mtu anaweza kuipangia. "Hatua kali" haipangiki.

Hatua ya 7: Lijaribu kwa watu wawili

Chagua mtu mzima mmoja na kijana mmoja ambao hawakuwepo kwenye kikao. Wasomee mara moja. Usiwaulize "mmeelewa?" Kwetu mtu mwenye heshima zake hujibu "ndiyo" asikuvunje moyo. Uliza: "Kwa hiyo wewe utafanya nini, na saa ngapi?" Jibu lao ndilo tangazo ulilolitoa kweli. Likitofautiana na lile ulilosema kwenye hatua ya kwanza, rudi kwenye karatasi. Mara yangu ya kwanza kufanya hivi nilirudi mara tatu, na kosa lilikuwa neno "kuanzia" bila "hadi".

Hili hapa tangazo letu likishapita hatua zote:

"TANGAZO LA MAJI

Ndugu wanakijiji,

Jumatano, tarehe 12 Machi, maji hayatatoka kijiji kizima kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Fundi atakuwa anabadilisha bomba lililopasuka karibu na daraja.

Tafadhali choteni maji ya kuwatosha Jumanne jioni.

Kazi ikichelewa, tutawatangazia kwa kipaza sauti Jumatano saa 11 jioni.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Katibu, Kamati ya Maji ya Kijiji"

Nilipobandika la namna hii kwa mara ya kwanza, Jumanne yake foleni ya bombani ilikwenda mpaka adhana ya isha. Jirani yangu muuza chakula alikuja kwangu kuuliza jambo moja tu: je, anaweza kujaza na pipa?